Hedhi Ikikoma, Homoni Haziishi

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 54, ambaye hedhi yake ilikoma miaka mitatu iliyopita. Asubuhi moja aiona damu tena. Amwelezapo shoga yake, huyo shoga acheka na kusema kuwa ujana umemrudia. Basi mama huyo anyamaza, kwa kuona haya mbele ya mumewe na wanawe wakubwa. Makala haya ni kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya mume huyo, ambaye kurasa hizi huzipita upesi akitafuta habari za mpira.

Wengi wetu hudhani kuwa mwanamke akishakoma hedhi, homoni za kike hukauka mwilini mwake kama kisima wakati wa kiangazi. Sivyo. Homoni iitwayo estrojeni si kitu kimoja, bali ni ukoo. Katika ukoo huo wamo estradioli, estroni na estrioli. Hiyo ya tatu hupatikana kwa wingi wakati wa ujauzito, kwa hiyo tuiache kando.

Katika miaka ya kuzaa, anayetawala ni estradioli. Hutengenezwa katika ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai, nayo ina nguvu kuliko nduguze. Kila mwezi huukuza utando wa ndani wa mji wa mimba. Yai likishatoka, ovari hutoa homoni nyingine, projesteroni, ambayo huzuia ukuaji huo. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka, utando hubomoka, na hiyo ndiyo hedhi.

Umri ukifika, mayai hupungua mno na ovari huacha kazi hiyo. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo desturi yake ni kuziamsha ovari, huona haijibiwi, nayo huzidi kupaza sauti. Homoni yake ya kuamsha mayai huongezeka mara nyingi, na hata umbo lake hubadilika: minyororo ya sukari iliyoshikamana nayo huwa na asidi zaidi, ikaifanya ikae katika damu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 huko Italia, mkojo wa watawa wazee ulikusanywa ili homoni hiyo itolewe humo, iwe dawa ya wanawake wasiopata mimba. Mtoto wa kwanza kwa dawa hiyo alizaliwa mwaka 1962.

Na estrojeni je? Sasa zamu ni ya estroni. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ghafi, na mafuta ya mwili huigeuza kuwa estroni. Nguvu yake ni ndogo, na ndiyo sababu mama hupatwa na joto la ghafla na jasho la usiku, na mifupa yake hudhoofika. Lakini kwa mama mnene, mwenye mafuta mengi, estroni huweza kuwa nyingi, na projesteroni ya kuizuia haipo tena. Mji wa mimba huwa kama shamba litiwalo mbolea kila siku bila mtu wa kulipalilia. Utando hunenepa, huweza kutoa damu, na wakati mwingine hugeuka kansa.

Kwa hiyo damu yoyote inayoonekana baada ya miezi 12 kamili bila hedhi, hata ikiwa tone moja, isiitwe hedhi. Mara nyingi chanzo chake si kikubwa. Hata hivyo, kama mwanamke mmoja katika kila kumi hukutwa na kansa. Ikigunduliwa mapema, mji wa mimba huondolewa kwa operesheni na wengi hupona. Daktari ataukagua pia mlango wa kizazi, kwani kansa ya mahali hapo nayo hutoa damu.

Mama asingoje damu ikatike yenyewe. Aende hospitali wiki hiyo hiyo, na mumewe amsindikize. Amweleze daktari waziwazi hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, damu ilionekana siku gani, na dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwamo.