Unauza oili ya giaboksi mtandaoni? Uliza haya 3 kwanza

Muuzaji wa Somanga, joto la pwani lisikudanganye. Mteja wako anaweza kuwa Makete au Njombe. Huko mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi kweli, na kwenye giaboksi ya manyuo oili nzito inafanya gia iwe ngumu kuingia mpaka gari lipate moto. Kabla mzigo haujapanda basi, uliza:

1. Gari linatumika wapi? Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi. 75W-90 inawahi kuliko 80W-90.

2. Ni ya giaboksi au difu? Difu nyingi zinataka GL-5. Giaboksi nyingi za manyuo zinataka GL-4, na baadhi ya GL-5 zinakula ringi za shaba za ndani.

3. Kitabu cha gari kinasemaje? Kuna giaboksi za manyuo zinazotumia ATF au oili ya injini. Usikisie, omba picha ya ukurasa.

Nawe mtumie picha ya lebo, siyo ya kopo tu. Mzigo ukirudi, nauli imekula faida. Giaboksi ikifa, jina lako ndilo limeliwa.

Mtumie mwenzako anayeuza spea.