KUCHAGUA MFUMO MWENYEJI WA KOMPYUTA PEPE

Katika somo la TEHAMA, mwalimu mwanafunzi huelezwa kwamba kompyuta moja yaweza kuendesha mifumo miwili kwa pamoja: mmoja umewekwa juu ya mashine yenyewe, na wa pili unaishi ndani ya ule wa kwanza mithili ya programu nyingine yoyote. Wa kwanza tutauita mfumo mwenyeji, wa pili mfumo mgeni, na ile mashine ya kuwaziwa anamokaa mgeni tutaiita kompyuta pepe. Jambo ambalo aghalabu halitiliwi mkazo ni uchaguzi wa mwenyeji. Wengi huuacha mfumo waliokuta, kisha hushangaa programu ya kompyuta pepe inapokataa kufanya kazi.

Tuchukue mfano. Mwalimu amepangiwa shule ya msingi katika kata ya Mwamapalala, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi, na sasa imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Shuleni amekuta kompyuta moja ya msaada, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na Windows 7 ya biti 32. Ndani yake mna orodha za wanafunzi na alama zao, na mna programu ya mazoezi ya hesabu iliyotungwa enzi za Windows XP. Anataka kuitumia programu hiyo kwa darasa la tano, na pia wanafunzi wajaribu mambo kwa uhuru bila alama za shule nzima kuingia hatarini. Kompyuta pepe yamfaa sana. Je, mwenyeji awe mfumo gani?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kufahamu kwa nini swali hili lina uzito. Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hukaa juu juu ya mfumo na kuomba huduma. Programu ya kompyuta pepe hupenyeza sehemu yake ndani ya kiini cha mfumo mwenyeji, kwani hugawana naye prosesa, yaani ubongo wa mashine. Watunzi wake huijaribu sehemu hiyo katika mifumo michache tu, nao huitaja katika kitabu cha maelezo cha kila toleo. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba mwenyeji fulani anaungwa mkono. Mgeni hana masharti makali hivyo, maana yeye haioni mashine halisi. Huonyeshwa mashine ya kuigiza tu, na mashine hiyo yaweza kuigizwa iwe ya kizamani. Kwa sababu hiyo kitabu cha maelezo huwa na orodha mbili, ya wenyeji na ya wageni, na mwalimu asizichanganye. Windows XP, ambayo mtengenezaji wake aliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, bado yaweza kuwa mgeni mzuri. Kuwa mwenyeji, hapana.

Tuitazame VirtualBox, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2007 na ambayo tangu mwaka 2010 iko mikononi mwa Oracle. Toleo 6.0, la Desemba 2018, liliacha kabisa wenyeji wa biti 32. Toleo 5.2, la mwisho kuwakubali, liliacha kuhudumiwa Julai 2020. Tena, toleo 6.1 na yaliyofuata hudai prosesa yenye uwezo wa ndani wa kuendesha kompyuta pepe, na mara nyingi uwezo huo huwa umefungwa katika menyu inayotokea kompyuta inapowashwa. Yafaa uangaliwe hapo kwanza kabla ya kumlaumu mwenyeji.

Kwa hiyo Windows 7 ya mwalimu wetu haifai, na hata ingekuwa ya biti 64 isingefaa, kwani huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Januari 2020. Mfumo usiopata marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na mlango. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni hana dawa yoyote. Diski yake yote ni faili moja tu ndani ya diski ya mwenyeji, na kirusi kikimpata mwenyeji, mgeni naye amepatikana, pamoja na zile alama za watoto.

Wapo watakaosema aweke Windows 10. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa maalumu cha usalama na prosesa za miaka ya karibuni, vitu ambavyo kompyuta kuukuu za msaada kwa kawaida hazina. Ikiwa prosesa ni ya biti 64 (na huenda ikawa hivyo ingawa mfumo uliowekwa ni wa biti 32), sisi tungechagua Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, pamoja na mandhari nyepesi ya kazi. Au Ubuntu 24.04 ya Aprili 2024, inayohudumiwa kwa miaka mitano. Matoleo ya kati ya Ubuntu huhudumiwa miezi 9 tu. Kwa mwalimu anayepakua marekebisho kwa kifurushi cha simu, na ambaye fundi wake huenda yuko mjini Bariadi, tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, kiini cha Linux kinapobadilishwa, ile sehemu iliyopenyezwa lazima iundwe upya. Basi asibadilishe kiini katikati ya wiki ya mitihani.

Kabla ya kugusa chochote, orodha na alama zinakiliwe katika flashi mbili, moja ikae kabatini kwa mwalimu mkuu. Mgeni wa Windows XP apewe megabaiti 512 za kumbukumbu, na akatiwe mtandao kabisa.

Chuoni, somo hili halihitaji kompyuta nyingi. Andaeni kadi za karatasi, kila moja ikieleza mashine moja: biti, kumbukumbu, prosesa, mfumo uliokutwa na tarehe ya mwisho ya huduma. Kila kikundi kipewe kadi moja na nakala ya orodha ya wenyeji kutoka kitabu cha maelezo, kichague mwenyeji, kisha kiutetee uchaguzi wake mbele ya darasa. Wekeni pia kadi moja ambayo mashine yake haifai kwa mwenyeji yeyote, mseme mapema kwamba jibu la namna hiyo linaruhusiwa.