Siku ya Mia Mbili na Nane

Msomaji wetu wa Makanyagio, Mpanda, ameuliza kwa nini mafundi wa kompyuta hupenda kuagiza mashine izimwe na kuwashwa upya hata pale isipoonyesha dalili ya maradhi. Majibu ni mengi, na aghalabu hayana ladha. Lakini liko moja lenye utamu wake, nalo lahusu kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambacho mafundi hukiita kerneli, na maradhi yaliyotibiwa mwaka 2011 baada ya seva zenye siha njema kuanguka ghafla zilipopita siku 208 na nusu bila kuzimwa.

Siku hizo ndizo zilizomfichua mkosaji. Zigeuze ziwe sehemu za bilioni za sekunde, utapata takriban 18,014,398,509,481,984, yaani mbili kwa kipeo cha 54, na namba ya namna hiyo haizaliwi na joto wala vumbi. Kerneli ya enzi hizo ilipima muda kwa kuhesabu mapigo ya prosesa, na kwa kuwa iliepuka desimali, iliyazidisha mapigo hayo kwa namba maalumu kisha ikagawanya kwa 1,024. Zao la katikati lilikaa mahali penye biti 64, yaani nafasi 64 za tarakimu za sifuri na moja, ambazo 10 zilikuwa zimekwisha kuliwa na ile 1,024, zikabaki 54.

Mfikirie karani wa ghala la mpunga ambaye daftari lake lina safu nne tu za tarakimu, naye ameambiwa kuwa kila kilo 10 za mpunga hutoa kilo 7 za mchele. Zikija kilo 1,000 huzidisha kwa 7, akagawanya kwa 10, akaandika 700, na tajiri wake hana neno. Zikija 6,000, zao ni 42,000. Ile 4 haina safu ya kukaa, inadondoka, na karani, ambaye hakufundishwa kushtuka, anaigawanya 2,000 iliyosalia na kuandika kilo 200. Ndivyo saa ya kerneli ilivyorudi mwanzo, na mgawa zamu, yule aamuaye ni programu ipi itumie prosesa, akaiamini hata akajikuta anagawanya kwa sifuri, jambo lisilovumilika, mashine nzima ikasimama.

Dawa yake, na hapa ndipo ninapostaajabu, haikuhitaji daftari pana zaidi. Karani agawanye kwanza: 600 mara 7 ni 4,200, nazo zinaenea. Akiletewa 6,005, zile 5 za salio azizidishe na kuzigawanya kando, kisha ajumlishe, apate 4,203; nusu kilo inapotea, na kerneli nayo hupoteza chembe kama hiyo bila majonzi.

(Windows 95 na 98 zilikuwa na maradhi ya ukoo huohuo, ila zenyewe hazikuvuka siku 49.7.)

Mpanda, iliyoishi miaka mingi kwa mitambo ya dizeli, ilikuwa na kinga yake: umeme ukikatika, hesabu huanza upya. Lakini sasa laini ya kilovolti 132 imejengwa kutoka Tabora, na mwenye seva kuukuu yenye kerneli ya toleo la 2.6.32 lisilotiwa kiraka hana budi kuandika amri ya uptime, ionyeshayo siku ambazo mashine imekaa bila kuzimwa. Akiona siku zimepita 200, aizime usiku huu, kabla wateja hawajafika asubuhi.