Ada Ikikosekana, Mtoto Asikose Uji

Mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayelima pamba huuza mara moja kwa mwaka. Mvuvi leo hupata, kesho hukosa. Mvua ikikataa, samaki wakipotea au baba akiugua, fedha hukatika nyumbani. Lakini ada ya kituo cha kulelea watoto wadogo haikatiki. Hudaiwa kila mwezi.

Wazazi wengi hufanya nini? Huona haya. Humwondoa mtoto kituoni kimya kimya. Husema, "Akae nyumbani kwanza, tutamrudisha tukivuna." Jambo hili huonekana dogo. Kumbe linagusa afya ya mtoto.

MTOTO ANAPOTEZA NINI?

Kituo kizuri humpa mtoto vitu viwili vikubwa: chakula na jicho la mtu mzima.

Kwanza ni chakula. Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kula chakula kingi kwa mara moja. Mtoto wa miaka 2 mpaka 5 anahitaji milo 3 kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama uji au tunda. Mama akishinda shambani, mtoto aliyebaki nyumbani mara nyingi hula asubuhi na jioni tu. Tena fedha zikikatika, chakula cha nyumbani nacho hupungua. Basi mtoto ananyimwa uji wa kituoni wakati ule ule anapouhitaji zaidi.

Pili ni jicho. Mtoto akibaki nyumbani, nani anamwangalia? Mara nyingi ni dada yake wa miaka 8 au 9. Dada akienda shule, mdogo hubaki peke yake. Asipoenda, anakosa masomo. Na hata akibaki, yeye mwenyewe bado ni mtoto. Akianza kucheza, mdogo hufika jikoni kwenye moto, au kisimani.

TUJIFUNZE KWA IRINGA

Mwaka 1983 mpango wa lishe ulianza mkoani Iringa. Serikali ilisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito hapo hapo kijijini. Kisha wanakijiji walikaa na kuulizana: kwa nini watoto hawa wamepungua? Tufanye nini? Katika vijiji, vilianzishwa vituo vya kulisha watoto mchana, wakati mama zao wako kazini. Baada ya miaka michache, watoto wenye utapiamlo mkali walipungua sana.

Hapo tunapata somo. Mtoto aliyepungua uzito si aibu ya nyumba moja. Ni jambo la kijiji kizima.

UFANYE NINI FEDHA ZIKIKATIKA?

1. Sema mapema. Nenda kwa mlezi au kwa kamati ya kituo kabla deni halijakua. Eleza kilichotokea. Deni lililosemwa huzungumzika. Deni lililofichwa huleta ugomvi.

2. Omba kulipa kwa njia nyingine. Kituo kinahitaji mahindi, maharage, kuni na maji. Kinahitaji pia mtu wa kupika uji, wa kuezeka paa na wa kuchimba choo. Asiye na shilingi anaweza kuwa na mikono.

3. Gawanya deni. Tuseme ada ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Miezi 4 ni shilingi 24,000. Ukiweza kutoa 2,000 kila mwezi, utakuwa umelipa 8,000. Zitabaki 16,000 za kulipa baada ya mavuno.

4. Andikeni. Kila kitu kiingie katika daftari: jina, tarehe, kilichotolewa na kilichobaki. Pande zote mbili ziweke sahihi. Wewe sasa unajua kusoma. Soma kabla ya kuweka sahihi.

5. Ukiuza mazao, lipa mbele. Lipa miezi ya njaa wakati fedha zipo mkononi. Fedha zikikaa nyumbani zina miguu.

6. Mtoto akitimiza miaka 5, mwandikishe darasa la awali katika shule ya msingi ya Serikali. Tangu Januari 2016 shule hizo hazitozi ada, kuanzia darasa hilo.

MLEZI NAYE ANA TUMBO

Tusimsahau mlezi. Yeye naye ana watoto. Wazazi wote wakiacha kutoa, ataondoka na kituo kitafungwa. Kwa hiyo mwenye uwezo asijifiche nyuma ya asiye nacho. Na kamati isingoje shida. Ipange mapema: familia iliyopatwa na ugonjwa, msiba au ukame itasubiriwa miezi mingapi? Italipa nini badala ya fedha? Debe moja la mahindi lihesabiwe kuwa shilingi ngapi? Mambo haya yakipangwa katika mkutano, hakuna atakayesema kuwa fulani amependelewa.

MTOTO AKIBAKI NYUMBANI

Ikiwa hakuna njia, majirani washikane. Kina mama wanne au watano wanaweza kupeana zamu. Mmoja abaki na watoto, wengine waende shamba. Mpikieni mtoto uji mzito, wenye karanga zilizosagwa au maziwa. Anayenyonya aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Mpelekeni kliniki kila mwezi. Mstari wa uzito kwenye kadi ukishuka, msingoje. Mhudumu wa afya ana utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Kijani ni salama. Njano ni hatari inayokuja. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni hatari kubwa. Mtoto huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto aliyevimba miguu yote miwili, hata kama anaonekana mnene.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, miezi ipi fedha hukosekana zaidi?
2. Kituo chenu kinaweza kupokea nini badala ya fedha?
3. Ni watoto wangapi wameacha kuja kituoni mwaka huu? Nani atakwenda kuwauliza wazazi wao?