Usiseme Amekufa Maji

Mtoto alitolewa majini na vijana wawili wa mtumbwi wa dagaa. Waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi wakaja mbio, na kabla hajalazwa vizuri mchangani, mtu mmoja alikwisha kusema: "Amekufa maji." Wanawake wakaanza kulia. Kijana akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini, maji kidogo yakatoka. Kisha akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, wakaanza safari ya zahanati, dakika arobaini kwa barabara ya vumbi. Njia nzima hakuna aliyempulizia hata pumzi moja.

Nilisimuliwa haya miezi michache baadaye, nilipokwenda kwenye mwalo huo wa Ziwa Victoria kufundisha huduma ya kwanza. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, alisubiri wenzake watawanyike ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, lakini yule mtoto si alikuwa ameshakufa maji?"

Nikamwambia: "Baba, alipotolewa alikuwa hapumui. Kati ya kutopumua na kufa kuna dakika chache, na dakika hizo ndizo zilizonileta hapa."

Kiswahili chetu kina haraka mahali hapa. Mtu akitolewa majini akiwa ametulia, midomo imekuwa ya buluu na povu linamtoka, tunasema amekufa maji, na neno likishatamkwa mikono inalegea. Wanaotafuta shuka la kumfunika wanakuwa wengi kuliko wanaopiga magoti pembeni yake. Yeye huenda moyo wake bado unadunda, kwa udhaifu ambao kidole cha mtu asiyezoea hakiwezi kuusikia.

Tazama linalotokea mwilini. Anayezama huzuia pumzi mpaka imshinde. Akivuta, maji kidogo huingia na koo hujikaza ghafla kuyazuia, ila kwa kujikaza huko hewa nayo haipati njia. Oksijeni kwenye damu inashuka, fahamu zinapotea, mapigo ya moyo yanapungua kasi, na mwishoni kabisa ndipo moyo unasimama. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya kama dakika 4, na kila dakika inayofuata ni hasara zaidi. Kwa hiyo moyo wa aliyezama husimama kwa sababu pumzi ilikatika kwanza. Tofautisha na mzee anayeanguka barazani akinywa kahawa kwa sababu moyo wenyewe umegoma: damu yake bado ina oksijeni ya kutosha kwa muda, ikikosa tu wa kuisukuma. Huyo wa barazani unaanza kumbonyeza kifua. Huyu wa majini unaanza kumpa pumzi. Watu wengi waliosikia redioni au kwenye simu habari za CPR, yaani kumhuisha mtu kwa kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi, wameshika jambo moja tu, kubonyeza kifua, na kwa aliyezama, au mtoto yeyote aliyeacha kupumua, hilo peke yake halitoshi.

Inafanyika hivi. Mlaze chali mahali pagumu, mchanga ulioshikamana au mbao za gati. Mwite, mguse kwa nguvu begani. Asipoitika, tuma mtu mmoja, kwa kumnyooshea kidole, apige simu na kutafuta usafiri. Ukipiga kelele "jamani pigeni simu", kila mtu atadhani mwenzake ameshapiga. Weka mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole vya mkono wa pili chini ya kidevu, uinamishe kichwa nyuma na kuinua kidevu. Ulimi uliokuwa umeziba koo utasogea. Sogeza shavu lako karibu na mdomo wake ukitazama kifua, kwa muda usiozidi sekunde 10.

Hapa kuna mtego. Utamwona pengine akifungua mdomo kama samaki, akivuta pumzi moja kwa kukoroma, kisha kimya kirefu. Wazee huita kukata roho, na wanaomzunguka hurudi nyuma kwa heshima. Usirudi nyuma. Kule si kupumua. Ni dalili kwamba moyo umesimama sasa hivi, au uko mbioni kusimama, na kwamba ubongo haujakata tamaa. Anza.

Bana pua zake, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, upulize taratibu kwa sekunde moja huku ukitazama kifua kikipanda. Kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua pamoja, na pulizo liwe dogo, la kujaza mashavu yako tu. Miongozo ya Marekani husema pumzi mbili za kuanzia, ya Ulaya husema tano. Mimi hufundisha tano, kwa sababu nimeona mbili za mwanzo hupotea kabla mpulizaji hajajipanga. Kifua kisipopanda, rekebisha kichwa ujaribu tena. Povu likitoka usihangaike kulifuta, puliza juu yake. Akitapika, na wengi hutapika, mgeuze ubavu, safisha, mrudishe, endelea.

Baada ya hapo, sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, iweke katikati ya kifua juu ya mfupa wa kidari, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kwa mtu mzima bonyeza kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, karibu mara mbili kila sekunde, yaani 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiache kirudi juu kabisa. Mara 30, kisha pumzi 2. Mara 30, pumzi 2. Mtoto mdogo tumia mkono mmoja, kishuke theluthi ya unene wa kifua chake. Hesabu kwa sauti ili aliye pembeni ajue lini apokee, maana baada ya dakika 2 mikono huchoka na kina kinapungua bila mwenyewe kujua. Mpokezane. Ubavu unaweza kulia kama kijiti kikavu. Usiache kwa sababu hiyo. Ubavu hupona.

Swali ninalolisikia kila ninapofundisha ni hili: hewa niliyokwisha kuitumia itamfaa nini mwenzangu? Itamfaa sana. Tunavuta hewa yenye oksijeni asilimia 21 na kuitoa ikiwa bado na 16 au 17. Hilo lilithibitishwa kwa ujasiri mkubwa miaka ya 1950 nchini Marekani. Daktari James Elam alionyesha kwamba pumzi itokayo kinywani inatosha kuitunza damu ya mtu asiyepumua, na mwenzake Peter Safar, kule Baltimore, akapata watu waliojitolea kupoozwa misuli kwa dawa hadi wasiweze kupumua, kisha watu wa kawaida wakawapulizia na kuwaweka hai. Mwaka 1960, katika mji huohuo, William Kouwenhoven, ambaye alikuwa mhandisi wa umeme, pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker, wakatangaza kwamba kubonyeza kifua kwa nje kunaweza kuzungusha damu bila kupasua. Njia hizo mbili zikaunganishwa. Sanamu ya plastiki tunayofanyia mazoezi hadi leo ilitengenezwa na Asmund Laerdal wa Norwei, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, ambaye mwenyewe aliwahi kumtoa mwanawe mdogo majini akiwa karibu kufa.

Natoa historia hii kwa sababu ya lile la kumning'iniza mtoto kichwa chini. Wanaofanya hivyo hawana ubaya, wanataka kumsaidia. Ulaya nako walifanya. Chama cha kuokoa waliozama kilipoundwa Amsterdam mwaka 1767, miongoni mwa tiba za zama hizo ilikuwamo kumbiringisha mtu juu ya pipa, na hata kumpulizia moshi wa tumbaku kwenye njia ya haja kubwa. Waliacha baada ya kupima na kuona haifai. Maji yanayotoka ukimning'iniza au kumkanda tumbo ni ya tumboni zaidi, na yakipanda pamoja na chakula yanaweza kuingia mapafuni na kumziba upya. Maji yaliyoko mapafuni huyawezi, wala huhitaji kuyatoa. Pumzi yako itapita. Kila sekunde ya kukanda tumbo imeibwa kwenye zile dakika 4.

Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, na ni kweli kwa anayeanza kuchoka. Lakini anayeweza kupiga kelele bado ana pumzi. Mtoto anayezama kweli mara nyingi hatoi sauti: mdomo uko usawa wa maji, unatokeza na kuzama, mikono inakandamiza maji pembeni badala ya kupunga, na baada ya muda mfupi tu hayupo. Kwa hiyo tusisubiri kelele. Tena tusiruke. Anayezama hupanda juu ya chochote kilicho karibu, na mwokoaji akiwa karibu atapandwa yeye. Nyoosha upondo au kasia, tupa kamba, tupa dumu tupu lililofungwa kifuniko. Kwenye kila mtumbwi kuna dumu.

Akirudisha pumzi mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na mpelekeni hospitali hata kama anaongea na kuomba chai. Mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kuvimba na kushindwa saa kadhaa baadaye, usiku, kila mtu akiwa amelala akimshukuru Mungu.

Pumzi hukatika nyumbani pia, mezani. Hapo Kiswahili kina neno sahihi kuliko la kule majini, kwani kinatenganisha kupaliwa na kukabwa. Aliyepaliwa anakohoa, uso umekuwa mwekundu, machozi yanamtoka, lakini hewa inapita. Mwache akohoe, mhimize akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko kipigo chako. Aliyekabwa hakohoi, hasemi, tonge halishuki wala halipandi, ameshika koo kwa mikono miwili. Kidakatonge kimeshindwa kazi na nyama au punje ya mahindi imekaa penye njia ya hewa. Usimpe maji. Usimwingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Mwinamishe mbele, mpige kwa nguvu mara 5 mgongoni kati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, ngumi kati ya kitovu na chembe cha moyo, mkono wa pili juu ya ngumi, vuta ndani na juu kwa ghafla mara 5. Rudia zamu hizo. Njia hii ya kuvuta tumbo ilitangazwa na Henry Heimlich mwaka 1974. Mama mjamzito msukume kifuani badala ya tumboni. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja usimguse tumbo kabisa, maana ini lake ni kubwa na laini: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kidogo, mpige mgongoni mara 5, mgeuze chali, umbonyeze kidari mara 5. Akipoteza fahamu, mkubwa au mdogo, mlaze chini na uanze kubonyeza na kupuliza kama aliyezama, ukichungulia mdomoni kabla ya kila pumzi.

Mwiba wa samaki ulionasa kooni ni jambo jingine. Anayelalamika ana pumzi. Tonge kubwa la ugali analolazimishwa kumeza linaweza kuuzamisha mwiba zaidi, aende hospitali.

Maji huchukua watu zaidi ya tunavyokubali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5, na zaidi ya tisa katika kila kumi wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Tunakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996, kivuko cha Mtongwe mwaka 1994, kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, na ni haki kukumbuka. Lakini wengi huondoka mmoja mmoja, kwenye kisima kisichofunikwa, kwenye lambo, kwenye shimo la mchanga lililojaa mvua, kwenye pipa la uani. Mahali pote hapo, aliye karibu ni mama, shangazi, kaka, jirani. Ambulensi haijafika na nyingi hazitafika ndani ya dakika 4.

Kwa Tanzania piga 112, au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa Kenya piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ziandike leo kwenye mlango wa jikoni na ubavuni mwa mtumbwi. Msalaba Mwekundu wa nchi zote mbili hufundisha huduma ya kwanza. Waiteni kwenye mwalo, kwenye diko, shuleni, kwenye kikundi cha akina mama, mguse sanamu kwa mikono yenu kabla hamjaguswa na msiba. Na siku mtoto atakapotolewa majini akiwa kimya, atakayesikia mtu akisema amekufa maji amwambie anyamaze, apige magoti, apulize.