Asagaye Meno Usiku Hajisikii

Tulipokuwa makadeti, katika bweni letu alilala mwenzetu ambaye kila usiku, muda mfupi baada ya tarumbeta la kulala, meno yake yalitoa sauti kama ya changarawe chini ya buti. Tulicheka, tukampa jina la Mashine ya Unga. Wengine walisema ana minyoo, wengine kwamba amerogwa. Mwenyewe alikana kabisa, akidhani twamsingizia. Asubuhi moja gego lake lilipasuka alipokuwa akitafuna biskuti kavu, na kicheko chetu kikakoma.

Hakuwa mwongo. Asagaye meno usingizini kwa kawaida hajisikii. Shahidi wake ni jirani wa kitanda. Hali hii huwapata takribani watu wazima 8 katika kila 100, na mara nyingi huambatana na wasiwasi, pombe, sigara au kahawa nyingi. Wapo pia wakoromao na kukatika pumzi usingizini. Hao wamwone daktari upesi. Kwa mtu mzima, kumeza dawa ya minyoo kwa ajili ya jambo hili ni kupiga risasi hewani.

Asiye na shahidi na ajichunguze. Je, huamka taya zimekaza na kuuma? Je, kichwa humuuma asubuhi kwenye panja, baina ya jicho na sikio? Je, maji baridi humchoma meno? Kisha atazame kiooni kama ncha za meno zimekuwa bapa, kama kingo za ulimi zina alama za meno, na kama misuli ya taya imetuna. Dalili mbili tatu zikikutana, aende kwa daktari wa meno bila kukawia, maana tabaka gumu la nje la jino likiisha kulika halioti tena.

Daktari aweza kumtengenezea kikinga cha plastiki cha kuvaa usiku. Hicho hakiondoi tabia, bali hupokea mkwaruzo badala ya meno. Naye apunguze pombe, sigara na kahawa ya jioni, na amweleze mtu yale yanayomlemea moyoni.

Hapo ndipo pagumu kwa askari, aliyefunzwa kujikaza na kunyamaza. Lakini kukiri maumivu si woga. Nasi tulio jirani, kama tunavyolindana zamuni, tulindane na usingizini: tukisikia sauti ile, tumwambie mwenzetu asubuhi, faraghani, bila dhihaka. Sisi tulimwambia yule kwa mzaha miezi mingi, naye akaupokea kama mzaha, mpaka jino likapasuka.