Springi dhaifu huweza kuua injini ya turbo

WAMILIKI wengi wa magari ya Subaru Impreza na Forester yenye turbo, ambayo huingia Afrika Mashariki yakiwa yametumika Japan, hupenda kuongeza msukumo wa hewa ili gari liwe na kasi zaidi. Kazi hiyo haichukui muda mrefu gereji. Kinachosahaulika ni valvu, pamoja na springi na kamshafti zinazoziendesha, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya msukumo mdogo zaidi.

Katika injini ya kawaida, hewa huvutwa na pistoni. Turbo hutumia nguvu ya moshi unaotoka ili kushindilia hewa ndani ya silinda, ilhali supachaja huzungushwa na injini yenyewe. Vyovyote iwavyo, hewa hiyo huisukuma kwa nyuma valvu ya kuingizia, hata pale inapotakiwa kufungwa.

Hesabu yake ni rahisi. Valvu yenye kichwa cha kipenyo cha milimita 36 ina eneo la takriban sentimita 10 za mraba. Msukumo wa baa 1 huielemea kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10, na springi hupokonywa kiasi hicho cha uwezo wake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde. Springi iliyochoka haiwezi kuirudisha kwa wakati. Valvu hudunda juu ya kiti chake, nguvu za gari hupungua, na pistoni inaweza kuigonga.

Hata hivyo, kununua springi ngumu kuliko zote dukani si dawa. Springi ngumu kupita kiasi hula kamshafti na vikombe vinavyokandamizwa nayo. Fundi makini huipima springi kwa urefu uleule itakaokaa nao kwenye silinda hedi, kisha huhakikisha kwamba valvu inapofunguka hadi mwisho, mizunguko ya springi haigusani.

Valvu ya kutolea moshi ina mateso yake. Katika injini ya petroli yenye turbo, moshi unaweza kuvuka nyuzijoto 900 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya joto la valvu hutorokea kwenye kiti wakati imefungwa. Isipokaa sawasawa, huungua. Kwa msukumo mkubwa huchaguliwa valvu za Inconel, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromiamu unaostahimili joto, au zile zenye sodiamu ndani. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 na kubeba joto kutoka kichwani kwenda kwenye shina. Titani ni nyepesi na hufaa upande wa hewa katika magari ya mashindano. Kwa gari la kwenda kazini ni fedha iliyopotea.

Aidha, kamshafti inayoziacha valvu za pande zote mbili wazi kwa pamoja kwa muda mrefu huleta hasara. Kwenye supachaja, hewa safi hupita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi. Kwenye turbo, msukumo wa moshi ukizidi ule wa hewa, moshi hurudi ndani ya silinda. Jijini Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, turbo hulazimika kufanya kazi zaidi ili kufikia msukumo uleule, na moshi hubanwa zaidi.

Lipo pia suala la mkanda wa taimingi. Katika injini za Subaru za familia ya EJ zenye turbo, mkanda huo ukikatika, pistoni huzipinda valvu, ziwe za bei rahisi au ghali. Kwa gari lililotumika ambalo halina kumbukumbu za matengenezo, mkanda hubadilishwa kwanza, kabla ya springi au kamshafti yoyote kununuliwa.